Salamu Isilale

Somanda, Bariadi
14 Oktoba 2023

Shangazi yangu Kwandu,

Shikamoo. Na mwangaluka pia, usije ukasema mji umeninyang'anya Kisukuma. Sisi hapa wazima. Jua linatuchoma na vumbi la bodaboda linaingia mpaka kwenye sufuria ya mboga. Flora yuko darasa la kwanza na sweta tayari ameshalipoteza. Mume wangu Deogratias anakusalimu, bado yuko kiwandani kwenye pamba, akirudi jioni ana nyuzi hadi kwenye nyusi. Michembe ya viazi vikavu uliyotuma imefika salama, na kuna mtu humu ndani ameila karibu yote. Sitamtaja.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ndani ya kifurushi atakachokupa Danford wa basi la huko kwenu kuna simu. Ilikuwa yangu, kioo kina ufa pembeni lakini kinasomeka. Najua masikio yako hayapokei tena simu za kupiga, ndiyo maana nakuletea ya kusoma na kuandika. Na najua uliapa kutokanyaga tena kwenye magrupu tangu walipokutoa kwenye lile la ukoo. Hili siyo grupu, shangazi. Nisikilize kwanza.

Tumejenga mtandao wetu wenyewe. Mashine yake iko chumba cha nyuma cha steshenari ninapofanya kazi, na anayeiangalia ni Bryson, mwalimu wa kompyuta aliyehamishiwa huku kutoka Moshi. Hakuna kampuni, hakuna matangazo. Sheria tunatunga kwenye kikao, na hakuna mtu mmoja mwenye uwezo wa kumfuta mwenzake kwa hasira zake. Watu kama sisi wako Mwanza, wako Dodoma, wako hata ng'ambo, kila kundi na mashine yake na sheria zake, lakini wa huku anamsalimu wa kule bila kuhama kwake. Chukulia ni kaya: kila kaya ina uzio wake, na majirani wanaongea juu ya uzio. Kwa hiyo anwani yako itakuwa na sehemu mbili, jina lako na jina la kaya. Yetu tumeiita Shikome.

Salu fundi simu hapo Mwanhuzi atakufungulia, nimeshaongea naye. Utaulizwa kwa nini unataka kujiunga. Andika lolote la kweli, sisi tutalisoma na kulipitisha. Halafu kuna mahali pa kuweka kufuli kwenye ukurasa wako. Weka kufuli kwanza, kabla ya jambo lolote. Ni kwa usalama tu.

Mwanao,
Lucy


Mwanhuzi
2 Novemba 2023

Lucy mwanangu,

Marahaba. Mwangaluka yako nimeipokea, ingawa umeiandika kama mtu anayesoma bango la barabarani. Huku mvua inatuchezea. Inakuja mpaka kwenye kilima, inatuangalia, inarudi. Ng'ombe wa watu wanapita mlangoni kwangu wakitafuta maji, mbavu unazihesabu. Miguu inauma asubuhi, mchana inasahau. Kanisani bado wananipa kazi ya kusoma matangazo kwa sababu nina sauti kubwa. Kiziwi ndiye mwenye sauti kubwa, ndivyo dunia ilivyo.

Simu imefika. Salu amenifungulia huku akitafuna muhogo. Lakini hilo jina lenu, nani kalichagua? Bila shaka mwanaume. Shikome ni moto wa wanaume, uko nje, karibu na zizi. Mimi nimepeleka ugali shikome tangu nina meno ya utoto. Unaweka, unageuka, unaondoka. Walichokuwa wanakiongea pale sikuwahi kukijua, mpaka siku waliyoanza kuniongea mimi. Leo unaniambia nikae. Haya, nimekaa. Kiti ni kigumu.

Walipouliza kwa nini nataka kujiunga, Salu alitaka kuandika eti kubadilishana mawazo. Nikamwambia mawazo yangu sibadilishani na mtu, andika: nataka kusalimiwa. Akacheka, akaandika. Nimeona mmenipitisha. Kufuli nimeweka kama ulivyosema. Jina langu sikuliweka, nimeandika Mayu wa Mwanhuzi. Akina mama wa namna hiyo huku ni wengi, hakuna wa kunijua.

Ila nikifungua, ndani hamna kitu. Ukurasa mweupe. Nimeufungua asubuhi, nimeufungua mchana, mweupe vilevile. Ndivyo ulivyo, au wangu ni mbovu?

Na nikuulize lingine. Flora hali michembe, anaitema. Deogratias ni mtu wa wali. Nani huyo kaimaliza michembe yangu? Halafu umeandika barua nzima, umemtaja mpaka mwalimu wa Moshi, baba yako hujamtaja. Mdogo wangu Mashimba yuko wapi?

Shangazi yako,
Kwandu


Somanda, Bariadi
12 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo sana. Barua yako nimeisoma nimesimama kaunta mpaka mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni shangazi yangu anatania. Flora amepata sweta lingine. Mvua hapa zimeanza, watu wameingia mashambani, mji umepoa.

Ukurasa wako siyo mbovu. Mitandao ile mingine ina mashine ya kukuchagulia mambo, unafungua tu unamwagiwa. Shikome haina mashine ya kumwagia mtu. Ni wewe unatafuta watu unaotaka kuwasikia, unabonyeza kuwafuata, wanaanza kuonekana kwako. Ukigusa palipoandikwa Kaya, utaona wote tunaoishi kwenye mashine moja. Ni wachache, ila wanaongea. Kuna mkulima wa dengu wa Maswa, kuna nesi, kuna vijana wawili wa Mwanza wanaobishana kuhusu ngoma. Soma kwanza. Ukiwa tayari, salimia. Ndivyo kila mgeni anavyoanza pale, anasalimia, watu wanamkaribisha.

Ukiona siku nyingine haifunguki, ujue umeme umekatika hapa Bariadi. Umeme ukikatika, Shikome inazimika, mpaka Bryson aje aiwashe tena.

Michembe ameila mgonjwa tuliyempokea. Baba yupo. Anaendelea.

Lucy


Mwanhuzi
29 Novemba 2023

Lucy,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili. Mvua imenyesha siku moja ikakata, waliowahi kupanda pamba watarudia. Kuku wangu mmoja kachukuliwa na kicheche.

Nilisalimia. Niliandika: Mwangaluka, mimi ni mgeni, natokea Mwanhuzi, nauliza hali zenu. Nimeiandika asubuhi nimejifunga kitenge kizuri, mimi mjinga, kama vile wangeniona. Nikakaa. Hakuna aliyejibu. Kesho yake nikasema labda wako mashambani, nikasalimia tena. Kimya. Nikasalimia jioni, mwadila. Kimya. Na nawaona, Lucy! Nawaona wanaongea wao kwa wao, yule wa dengu, wale wa ngoma. Akaja mgeni mwingine, kijana wa Dodoma, akaandika habari zenu, wakamkimbilia wote na karibu, karibu. Mimi nimekaa palepale pembeni yake.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki ilivyoanza kijijini kwetu Mwamanyili. Watu wanadhani ilianza siku kaka yako Josia alipofariki kwa homa na wakaenda kwa mpiga ramli, akawaambia aliyemroga ni mwanamke wa ndani, mwenye macho mekundu. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi wa kupikia, na wa kuwapikia wao. Lakini haikuanza pale. Ilianza kisimani. Nilifika na ndoo nikasema mwangaluka, wanawake wakaendelea kuchota. Nikadhani hawajasikia. Kesho yake hivyohivyo. Kwetu sisi salamu haiachwi. Hata mwenye deni lako unamwitikia, ndipo mgombane. Mtu haitikiwi pale tu watu wanapokuwa wameshakubaliana kwamba yeye siyo mtu. Hakuna aliyeniambia kitu kwa mdomo. Nilijua kwa kutoitikiwa.

Nilikuja huku nikaanza upya, nikapata watu wa kuniambia mwangaluka mlangoni. Nashukuru kwa wema wako, lakini umenichukulia kile kisima ukanitumia ndani ya simu. Nitamrudishia Danford akipita.

Kwandu


Somanda, Bariadi
7 Desemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo, na usirudishe simu. Nakuomba sana. Nimeandika barua hii mara tatu na ya kwanza niliilowesha kwa machozi, ukurasa ukawa haufai.

Hakuna aliyekataa kukuitikia. Hakuna aliyekuona. Ni kufuli. Mtu akiweka kufuli, anachoandika wanakiona wale tu aliowakubali wamfuate, na wewe hukuwa na hata mmoja, hata mimi. Ulikuwa unasalimia ndani ya nyumba uliyoifunga, na aliyekuambia ufunge ni mimi.

Nilikuambia ni kwa usalama. Usalama wa nani, sikusema. Shangazi, mgonjwa wa michembe ni baba. Yuko kwangu tangu Septemba, ini limeharibika, tumemleta Somanda ili awe karibu na hospitali. Jioni huwa namsomea yanayoandikwa Shikome, anapenda habari za mifugo. Nilitaka uwepo pale na nikaogopa asikuone. Niliogopa angekujua akaniambia nizime simu, na hasira kwake sasa ni sumu. Nikawaweka nyote wawili kwenye kaya moja na kuwazungushia ukuta.

Nimepeleka maneno yako kwenye kikao. Jina sikulitaja, nilisoma tu habari ya kisimani. Tulikuwa sita, kwenye viti vya plastiki kati ya mashine za fotokopi. Bryson akauliza kama kweli kwetu salamu ina uzito huo. Yule nesi akamwambia ndiyo, kaka, zaidi ya unavyodhani. Tukatunga sheria siku hiyohiyo, imewekwa juu kabisa kwenye ukurasa wa mbele: Salamu isilale. Yaani mtu akisalimia Shikome, yeyote atakayeiona kwanza lazima aitikie kabla haijalala. Tuna sheria nyingi kuhusu matusi na picha za watu, lakini hii ndiyo imepita bila mtu kubisha. Ni sheria yako.

Ili ufungue kufuli, nenda kwenye jina lako, pale panapoandikwa kuidhinisha wafuasi, ondoa alama ya tiki. Salu anajua.

Nisamehe.

Lucy


Mwanhuzi
8 Januari 2024

Lucy mwanangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Krismasi niliila na majirani, walichinja mbuzi mwembamba lakini mchuzi ulikuwa mwingi. Pamba iliyorudiwa imeota. Ninatumia fimbo sasa, usiniulize tangu lini.

Nimefungua kufuli. Nikasema mwangaluka, nikaiweka simu kwenye kinu nikaenda kufagia, maana sikutaka kuikodolea. Niliporudi ilikuwa inatetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Mwangaluka mayu, mhola? Mwangaluka mayu. Wa Maswa, wa Mwanza, mmoja yuko nchi ya baridi anasema hajasalimiwa kwa Kisukuma tangu azikwe mama yake. Nililia, Lucy. Mzee mzima nimekaa kwenye kigoda na ufagio mapajani ninalia kwa sababu ya mwangaluka.

Sasa wamenizoea. Wananiuliza mambo. Namna ya kukausha majani ya kunde yawe nsansa, na kama ni kweli ng'ombe akilala ameangalia magharibi mvua inakuja. Nawajibu, nisilolijua nasema silijui. Salu anasema nina wafuasi wengi kuliko mwalimu wenu wa Moshi. Mwambie asijisikie vibaya, ni mgeni.

Jana nimewategea kitendawili. Kalagu: nimemwacha nyumbani, nimemkuta kisimani, njiani hatukupishana. Wamehangaika. Mmoja kasema kivuli, mwingine mwezi, mwingine upepo. Wote wamekosa, na nimewaambia hakuna atakayekipata.

Kuhusu mgonjwa wako, sina neno. Uji wa mtama usiweke sukari nyingi, uweke ndimu. Mtoto huyo hakupenda sukari tangu zamani.

Shangazi yako,
Kwandu


Somanda, Bariadi
30 Januari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Flora anasoma sasa, anasoma mpaka maandishi ya kwenye magunia. Deogratias amepata malaria akapona. Uji tumeweka ndimu na ameumaliza, akauliza nani kanifundisha. Nikasema nimesikia mahali.

Nakuandikia kwa barua kwa sababu nataka ujue ilivyokuwa, ingawa najua kwenye simu umeshaona.

Niliisoma kalagu yako pamoja na mengine, bila kusema ni ya nani. Baba alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nikamsomea na majibu ya watu, kivuli, mwezi, upepo, nikitegemea atacheka. Akageuka. Akaniomba nimsomee tena, polepole.

Akasema, "Hao hawawezi kukijua. Ni sauti ya mayu."

Akaniambia ninyi wawili mlikitunga mkiwa mnachota maji. Kwamba mama yenu alikuwa na sauti ya kutisha, mnamwacha nyumbani anatwanga, mnafika kisimani, na sauti yake iko pale inawaita mmekawia. Akasema ulikuwa unambeba mgongoni wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi una ndoo kichwani na yeye bado yuko mgongoni. Sikuwahi kumsikia akiongea hayo. Tangu uondoke hajalitaja jina lako ndani ya nyumba, na sisi tukajifunza kutolitaja.

Akataka afunguliwe ukurasa wake. Nikamuuliza kwa nini unataka kujiunga, maana lazima iandikwe. Akasema andika: nina salamu niliyochelewa nayo. Nikampitisha mwenyewe, sikungoja kikao. Hakutaka kufuli. Akanitajia cha kuandika na mimi nikaandika, jibu la kalagu, na chini yake: Mwadila, Kwandu. Nikamwambia baba, hapa ni peupe, watu wa Mwamanyili wapo, jina lake wataliona na wataona ni wewe. Akasema waone.

Watu wa kaya wamemwitikia, sheria ni sheria. Ameshukuru. Lakini anauliza kama wewe umeandika kitu.

Lucy


Mwanhuzi
13 Februari 2024

Lucy,

Marahaba. Nimeiona. Niliiona kabla ya barua yako.

Nimekaa nayo siku nyingi na nitakueleza kweli, maana uongo umetuchosha. Furaha ilikuja kwanza. Nilisema kwa sauti, Mashimba, na paka akakimbia. Baada ya furaha kikaja kitu kingine, na hicho hakijaondoka.

Siku ninaondoka Mwamanyili ilikuwa asubuhi, watu wote wanaangalia. Nilikuwa na kuku mmoja na furushi. Baba yako alikuwa amekaa langoni ananoa jembe la plau. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kumsalimu mkubwa. Mimi, niliyembeba mgongoni, nikaanza. Nikasema mwangaluka Mashimba. Akaendelea kunoa. Nikasema tena, nikadhani ni kelele ya jiwe. Akaendelea kunoa. Wengine wale walikuwa na fimbo, na wale nimewasamehe zamani, wapumbavu walikuwa na hofu. Yeye alikuwa na mdomo tu, na neno moja lingetosha. Wangeona ameniitikia, wangerudi nyumbani, maana mtoto alikuwa wake na msiba ulikuwa wake.

Sasa ana ini bovu na amekumbuka nina jina. Haya. Mimi nimengoja miaka yote hii, na yeye angoje kidogo. Aonje inavyokuwa, unasalimia na dunia inaendelea kuchota maji. Siyo milele, mimi si mtu wa milele. Pamba ikipasuka nitamwitikia.

Usinisomee ile sheria. Najua ni yangu. Nimezima simu nimeifukia kwenye debe la choroko ili isinitetemekee. Salu amehamia Maswa kutafuta wateja, kwa hiyo usimtume kwangu.

Msalimie Flora.

Kwandu


Somanda, Bariadi
22 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Sikulaumu. Nimemsomea baba barua yako yote, ile ya langoni pia. Labda ningemficha, lakini nimechoka kuwa ukuta kati yenu. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikujua kama angejitetea. Akasema, "Ni kweli. Nilikuwa nanoa jembe ambalo lilikuwa limeshanolewa."

Akasema nisikusumbue, una haki ya kungoja. Lakini kila siku jua likizama ananiambia andika tena. Siandiki kingine, ni lilelile, mwadila Kwandu. Watu wa Shikome wameelewa kwamba siyo salamu yao, siku hizi hawaiitikii, wanaipita taratibu. Bryson aliniuliza kama hiyo siyo kuvunja sheria. Nikamwambia kuna salamu ina mwenyewe.

Shangazi, pamba itapasuka Mei. Daktari hakunitajia Mei. Washa simu. Andika neno moja, hata kama baadaye utagombana naye, gombana naye, atafurahi. Chakula hali tena. Anachoomba ni mimi nimwambie simu imesema nini.

Ninampa Danford barua hii leo. Anasema daraja la huko kwenu limezolewa na mvua na magari hayapiti, lakini atakuja mara tu watakapojaza kifusi.

Lucy


Somanda, Bariadi
5 Machi 2024

Shangazi Kwandu,

Nasikitika kukujulisha kwa barua, sikuwa na njia nyingine. Nimempigia Salu huko Maswa, anasema hana namba ya mtu wa karibu na wewe. Baba amefariki tarehe mosi, jua likizama, muda ule wake. Nilikuwa nimeshaandika ile ya siku hiyo. Tumemzika Mwamanyili pembeni ya Josia.

Barua yangu ya Februari nimemkuta nayo Danford, bado iko kwenye kibegi chake. Daraja halijatengenezwa. Nimempa na hii, atakuletea zote pamoja.

Lucy


Mwanhuzi
19 Machi 2024

Lucy mwanangu,

Marahaba. Marahaba na ile ya barua ya pili, ingawa hukuiandika. Pole kwa kufiwa na baba. Nianze na hapo, maana wewe ndiye uliyefiwa.

Danford amenipa barua mbili kwa mkono mmoja. Nilifungua ya zamani kwanza, tarehe niliziangalia. Nikasoma ya jembe. Nikainuka kwenda kwenye debe la choroko. Nilikuwa nimeshashika simu, mkono umejaa choroko, ndipo nikakumbuka kuna barua nyingine mezani.

Sikuja kumzika. Sijui kama ningekuja. Ningesema siji, halafu pengine ungeniona langoni. Hilo nimejinyang'anya mwenyewe, sina wa kumlaumu, hata daraja silaumu. Daraja halikuizima simu. Nilitaka aonje, na ameonja, na mimi niliyejua uchungu wake kuliko mtu yeyote Simiyu nzima ndiye niliyempa. Naumia, Lucy. Nilimbeba kwenda, nikambeba kurudi, na mwisho nikamtua njiani.

Mwenye duka la jirani ana sola, amenichajia. Simu ilipowaka ikaanza kutetemeka na haikunyamaza mpaka nilipomaliza kikombe cha chai. Salamu zake zimejipanga. Mwadila Kwandu. Chini yake tena, mwadila Kwandu. Kila siku moja. Sikuzihesabu, niliogopa. Ya mwisho ina kosa, umeandika Kwadu.

Nimeziitikia. Nilifikiri niitikie moja itoshe kwa zote, kisha nikaona hapana, kila moja ililala peke yake, kila moja ina haki yake. Nimeanza ya kwanza kabisa. Mwadila Mashimba. Nikashuka inayofuata. Mwadila Mashimba. Macho yangu hayaoni vizuri, nilikosea, nikafuta, nikarudia. Jirani aliniuliza naandikiana na nani muda wote huo, nikamwambia na mdogo wangu.

Mwambie Bryson ukurasa wa baba yako asiufute. Umeme ukikatika, mwambie awahi kuiwasha mashine.

Nilipomaliza ya mwisho, ile yenye kosa, niliiweka simu mapajani nikaiangalia. Nikabaki nimekaa hivyo mpaka chaji ikaisha.

Shangazi yako,
Kwandu